Kupoza Santuri za Mzee Opiyo

Masele alikuwa na kazi moja tu mjini Mwanza, nayo ni kuaminiwa. Aliifanya kwa bidii miaka kumi na mmoja, mtaa kwa mtaa, mpaka mitaa ikaanza kumwishia. Igogo, alikopanga chumba, ilikuwa imekwisha siku nyingi: huko hata akinunua karanga, muuzaji anakagua kwanza kama bakuli bado lipo. Mkuyuni alipita akiangalia chini. Ilibaki Pasiansi, na Pasiansi alikuwa anaitunza kwa ajili ya dili la mwisho, dili kubwa, kisha avuke Busisi aende Geita, ambako watu wana dhahabu na hawajamjua. Zamani mtu wa kazi kama yake akikimbilia huko alilazimika kusubiri kivuko pamoja na waliokuwa wanamkimbiza, na mazungumzo ya pale kwenye foleni hayakuwa mazuri. Daraja jipya limerahisisha mambo mengi.

Dili lenyewe alikuwa nalo kwenye simu, kwa picha. Jumatatu alimbebea begi mgeni wa kutoka Nairobi aitwaye Jonathan, mtu mpole mwenye miwani, anayezunguka nchi hizi zetu akinunua santuri za zamani. Jonathan alimrushia picha ya jalada moja: wanaume sita na mwanamke mmoja wamesimama mbele ya mtumbwi. Ilikuwa bendi ya Musoma iliyorekodi santuri moja tu mwaka sabini na tatu, ikavunjika kwa ugomvi wa nani abebe ngoma.

"Ukinipatia hii," Jonathan alisema, "bei utaitaja mwenyewe. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi mimi naondoka."

Masele hakuwahi kuambiwa ataje bei mwenyewe. Alirudi chumbani kwake akajaribu kuitaja kwa sauti, na kila akirudia ikawa inapanda.

Jumatano asubuhi alikuwa anakatiza Pasiansi, hana hili wala lile, aliposikia muziki. Tuseme muziki kwa heshima tu. Magitaa yalikuwa yanaruka kama mafuta ya moto yanapomwagiwa maji, matoazi yanakata, na mwimbaji kila akifika kwenye neno lenye "s" anatoa mluzi wa kufukuza ndege shambani. Mama aliyekuwa anafua nyumba ya jirani alinyanyua kichwa, akasema, "Ameanza tena," akaendelea kufua.

Sauti ilitoka kwenye nyumba mpya yenye geti jeusi lililoachwa wazi. Barazani alikaa mzee mrefu, mwembamba, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na masikioni amejaza pamba. Kwenye stuli pembeni yake kulikuwa na majalada ya santuri, na la juu kabisa lilionyesha wanaume sita, mwanamke mmoja na mtumbwi.

Mtu mwingine angekimbia ndani moja kwa moja. Masele alisimama, akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, mmoja baada ya mwingine, akakaza koti lake la kazi, akabisha hodi kama mtu anayekwenda kutoa pole.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alitoa pamba ya sikio moja. "Marahaba. Kama ni mchango wa harusi, mwenye nyumba amesafiri."

"Hapana, baba. Mimi naitwa Injinia Masele. Nilikuwa napita zangu, nikasikia santuri zako zinaumwa."

Mzee akatoa na pamba ya pili.

Aliitwa Opiyo, mtu wa Shirati, mstaafu wa elimu ya watu wazima. Kwa kiinua mgongo chake alijenga nyumba hii, tailizi sakafuni na ukutani mpaka kifuani, madirisha ya vioo kutoka kona hadi kona, sebule inayong'aa hata ukiwa umefumba macho. Binti yake aliyeko Ulaya alimletea mashine ya kupigia santuri, mpya, ya kisasa. Tangu siku ilipofungwa, miezi sita sasa, hakuna mgeni aliyekaa hapo akamaliza kikombe cha chai.

"Nazipenda santuri zangu," mzee alisema. "Hasa hii." Akaweka kidole juu ya yule mwanamke wa kwenye jalada. "Huyu ni mke wangu, Rebeka. Aliimba na hawa jamaa mara moja tu, nikamwoa, basi. Mwaka wa tatu huu tangu nimzike. Sauti yake nyingine sina, ni hii. Sasa nikitaka kumsikia mke wangu, inabidi nizibe masikio."

Masele aliona kitu kimemchoma kidogo sehemu za kifuani. Alikohoa kikatoka.

"Tatizo lako, baba, ni chumvi," akasema.

"Chumvi."

"Upepo wa ziwa. Unapiga hapa mchana kutwa, unabeba chumvi, chumvi inaingia kwenye mifereji ya santuri inaganda. Sindano ikipita inakwaruza ile chumvi. Ndiyo inayokuchoma."

Mzee Opiyo aligeuka taratibu akalitazama ziwa, lililokuwa limetulia pale chini nyuma ya mawe.

"Kijana, mimi nimezaliwa ufukweni. Maji ya ziwa hili nimeyanywa miaka sabini na mbili. Ugali nimesongea, chai nimepikia. Hiyo chumvi sijawahi kuionja."

Hapa ni lazima tumtetee Masele kidogo. Uongo huu aliufundishwa Kigamboni na jamaa aliyekuwa anauza dawa ya kutu kwa wenye friji, na Kigamboni ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu bahari ina chumvi. Ziwa Victoria halina. Jambo hilo analijua kila mtoto wa Mwanza aliyewahi kutumwa na ndoo, na Masele mwenyewe alilijua barabara mpaka sekunde ile alipofungua mdomo. Lakini neno lilishatoka, na fundi wa maneno hana gia ya kurudi nyuma.

"Ni chumvi isiyo na ladha, baba," akasema kwa huzuni. "Na hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mzee alimtazama viatu, akamtazama koti, akarudi usoni.

"Aisee," akasema mwishowe. "Kumbe. Hebu kaa ule chakula, injinia."

Wakati wanakula, Masele alieleza tiba. Santuri lazima zipelekwe kupozwa, zote kwa pamoja, kwenye chumba maalumu, siku mbili tu, kisha zinarudi zimepoa kama maji ya mtungi. Mzee alisikiliza akitafuna polepole. Akasema wazo ni zuri, lakini yeye ni mwalimu, na mwalimu huanza na mfano. Injinia achukue santuri moja tu, aipoze, airudishe kesho wasikilize. Ikipoa kweli, atapewa sanduku zima.

"Hata hii ya mama?" Masele aliuliza, akiangalia pembeni.

"Hiyo analala nayo mtu chumbani mpaka nione kazi yako. Ikifika zamu yake utaichukua mwenyewe kwa mikono yako."

Masele alitoka na santuri moja ya bendi nyingine chini ya kwapa, na tatizo ambalo hakuwahi kuwa nalo maishani. Kudanganya kuwa kitu kimepona alikuwa anaweza. Lakini masikio ya mzee yalikuwa palepale, na kesho yangesikia.

Kwa hiyo alikwenda kwa Elias. Elias alikuwa fundi redio wa pale Igogo, mzee wa magoti mabovu aliyefanya kazi amekaa kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, na alikuwa mmoja wa watu wachache sana mtaani ambao Masele hakuwahi kuwauzia chochote, kwa kuwa Elias hanunui. Masele aliweka mbele yake sato wawili wa kukaanga na soda baridi.

"Fundi, kuna rafiki yangu ana mashine ya santuri. Inachoma masikio."

Elias alimgeuza sato wa kwanza akamkagua mgongo. "Mpya?"

"Mpya."

"Nyumba ina tailizi?"

"Mpaka kifuani."

"Na mashine iko mbali na amplifaya, waya mrefu umezungushwazungushwa nyuma ya kabati?"

Masele alishangaa. "Umejuaje?"

"Ndivyo wanavyofungaga," Elias alisema, akaanza kula. "Sasa nisikilize vizuri, maana sirudii. Ule mkono unaobeba sindano, nyuma umenyanyuliwa mno. Sindano inaingia kwenye mfereji imeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Ushushe nyuma, mkono ulale sawa na santuri. Cha pili, kule mwisho wa mkono kuna uzito wa kuzungusha. Watu wanapunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano inakuwa nyepesi, inarukaruka, inapiga kingo za mfereji. Ongeza kidogo. Kidogo, nimesema. Ukizidisha unachimba shamba."

"Ni hayo tu?"

"Anza na hayo," Elias alisema, na akamwangalia kwa upole ambao Masele hakuzoea kuupata Igogo.

Alhamisi saa tatu asubuhi Masele alikuwa Pasiansi, santuri ikiwa imefungwa kwenye kanga mbichi kwa ajili ya ubaridi. Alisema inahitaji dakika kumi za kuzoea hewa, na katika dakika hizo mtu asiingie sebuleni. Mzee Opiyo aliinuka bila kuombwa mara ya pili, akaenda uani kulisha kuku. Kuku wale walilishwa vizuri mno asubuhi ile. Masele alipiga magoti mbele ya mashine, akatafuta ile skrubu ya nyuma ya mkono, akashusha, akachungulia usawa kwa jicho moja, akashusha tena, akazungusha uzito kwa vidole viwili. Alitokwa na jasho. Alikuwa hajafanya kazi ya mikono tangu darasa la saba.

Mzee aliporudi wakaweka santuri. Magitaa yalianza, na kwa mara ya kwanza yalikuwa magitaa. Besi, ambayo miezi sita ilikuwa haijulikani iko wapi, ilijitokeza.

"Imepoa," mzee alisema.

Masele alishusha pumzi.

"Imepoa nusu. Msikilize huyo mwimbaji akifika kwenye 'siku'. Bado anazomea. Hukuikatia tamaa mapema, injinia?"

Masele alirudi Igogo. Elias safari hii alitaka sato watatu. Alimweleza habari ya waya: waya mrefu unaongeza ukali kabla sauti haijafika popote, kwa hiyo mashine na amplifaya vikae pamoja, na waya uwe mfupi, usiozidi hatua moja. Akampa waya mfupi wa zamani, mzuri, akaupima na mkono wake.

Tatizo ni kwamba amplifaya ya Mzee Opiyo ilikaa ndani ya kabati la mninga, na kabati lile lilikuwa limesimama ukuta wa pili wa sebule likiwa na vyombo vyote ambavyo marehemu Rebeka aliwahi kuvipokea kwenye sherehe.

"Santuri ikishapozwa, baba," Masele alisema mchana ule, "inataka amplifaya iwe ukuta wa kaskazini."

"Basi lihamishe," mzee alijibu. "Mimi mgongo huu, unaniona."

Masele alitoa vyombo kimoja kimoja. Alisukuma kabati kwa bega, kwa mgongo, kwa maneno ambayo injinia hatumii. Mzee alikaa kwenye kochi akimwelekeza kwa kidole, kushoto kidogo, kulia kidogo, hapana lilikuwa zuri pale mwanzo. Kisha Masele alirudisha vyombo kimoja kimoja. Mikono ilimtoka malengelenge. Kila alipotaka kuacha, alikumbuka kuwa Jonathan alisema bei ataitaja mwenyewe, akasukuma tena.

Walipojaribu, kuzomea kulikuwa kumepungua sana. Mzee alikubali kwa kichwa. Kisha akapiga makofi mara moja katikati ya sebule, paa, na mlio ukarudi kutoka kwenye tailizi, ukaenda kwenye vioo, ukarudi tena.

"Unasikia?" akauliza. "Hiyo nayo ni chumvi?"

"Hiyo ni chumvi ya ukutani," Masele alisema kwa unyonge.

Ijumaa asubuhi alitumia nauli yake ya Geita kununua zulia na mapazia mazito ya mtumba. Aliyatundika mwenyewe, juu ya ngazi ya kuazima kwa yule mama anayefua. Mzee Opiyo naye alisaidia kwa jambo moja. Alitoa sanduku la bati chini ya kitanda, akalifungua, akatoa vitambaa vya kufuma, vingi, vyeupe na vya njano, vilivyofumwa na Rebeka kwa miaka mingi. Vilikuwa vinafunika makochi, meza, redio na kila kitu katika nyumba ya zamani. Walipohamia hapa binti alisema vitambaa kwenye nyumba ya tailizi ni ushamba, vikafungiwa. Mzee alivikunjua akavitandaza kwenye makochi, kimoja kimoja, akivinyoosha pembe.

Ilibaki sindano yenyewe. Elias alikuwa nayo moja, ya zamani, ya ncha ya mviringo, ambayo alisema haina makeke kama hizi za siku hizi. Hakutaka fedha. Alilitaka lile koti. Masele alilivua pale pale Igogo, mbele ya watu, koti lililomfanya awe injinia, afisa ardhi, mchungaji na mara moja daktari wa macho, akaenda Pasiansi na shati.

Alasiri ile waliweka santuri ileile ya majaribio. Masele alikuwa amesimama katikati ya sebule, bisibisi mkononi. Sauti ilikuja ikiwa nzima. Gitaa la kwanza upande huu, la pili upande ule, matoazi yanapumua kwa nyuma bila kumkata mtu, na mwimbaji anasema "siku" kama watu wote wanavyosema. Masele alisikiliza upande mzima wa santuri mpaka sindano ikafika mwisho, na kwa muda wote huo alisahau kabisa kuwa alikuwa anadanganya.

"Injinia," Mzee Opiyo alisema, "mimi nimeridhika. Kesho saa mbili njoo uchukue sanduku zima. Na ya Rebeka nitaiweka humo. Hiyo sitaki kuisikia leo. Nataka nikiisikia iwe imekamilika."

Usiku huo Masele alimwachia jirani godoro na jiko. Alimwambia mwenye nyumba maneno machache aliyokuwa ameyaweka akiba miaka minne.

Jumamosi saa mbili kamili sanduku lilikuwa barazani. Majalada yote yalikuwa humo, yamesimama kwa mstari, na la mbele kabisa lilikuwa lile la mtumbwi. Kila jalada lilikuwa limevikwa nailoni na kuzungushiwa uzi wa nyavu, mafundo yale ya wavuvi yasiyofunguka bila kisu.

"Nimezifunga mwenyewe," mzee alisema. "Nimeogopa zisije zikapata chumvi njiani. Usizifungue mpaka ufike kwenye kile chumba chako cha baridi."

Masele alitaka sana kuchungulia. Lakini angesema nini? Kwamba chumvi hakuna? Alishika mkono wa mzee kwa mikono miwili, akamwambia Mungu ambariki, akachukua bodaboda mpaka mjini, sanduku limekaa katikati yake na dereva kama abiria wa tatu.

Jonathan alikuwa na begi mlangoni na tiketi mfukoni. Alipoliona jalada alilipokea kwa mikono miwili. Alikata uzi kwa wembe, akatoa santuri, akaiweka kwenye mashine yake ndogo ya safari bila hata kusoma karatasi ya katikati, kwa hamu. Wote wawili waliinama.

Sauti ya mwanamume mtaratibu, iliyo wazi kabisa, ilijaza chumba.

"Kisomo cha watu wazima. Somo la kwanza: choo cha shimo. Ndugu msikilizaji, chukua jembe lako. Tembea hatua thelathini kutoka nyumbani."

Jonathan alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakata uzi wa jalada la pili.

"Somo la nne: kifuniko."

Walisikiliza kifuniko. Walisikiliza pia kunawa mikono, na faida za kuchemsha maji. Walipofika kwenye inzi, Jonathan alifunga mashine yake.

"Ndugu yangu," akasema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Masele zaidi, "hizi kaa nazo." Akachukua begi lake akaenda zake.

Masele alikaa kwenye ngazi za gesti aliyofikia Jonathan, na sanduku la masomo. Hakuwa na koti, hakuwa na godoro, nauli ya Geita ilikuwa imetundikwa kwenye madirisha ya mtu Pasiansi. Alijaribu kukasirika ipasavyo akashindwa, kwa sababu kila alipoanza kutunga lawama ilikuwa inafika mahali pabaya. Mtu ataenda polisi kusema nini? Kwamba mzee fulani amempa mali siyo, wakati yeye alitaka kumwibia ile yenyewe? Mwisho alibeba sanduku akarudi Pasiansi, kwa miguu. Hakujua anakwenda kufanya nini, ila hakuwa na pengine pa kwenda.

Geti lilikuwa wazi, na sebule ilikuwa imejaa. Wastaafu wanane, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamekaa kwenye makochi yenye vitambaa, kila mmoja na kikombe cha chai, na vikombe vilikuwa vinamalizwa. Kwenye kiti cha pembeni, karibu na mashine, alikaa Elias, amenyoosha magoti yake, amevaa koti.

"Fundi huyo amefika," Mzee Opiyo alisema. "Vipi, zimepoa?"

Watu wote wakageuka. Masele aliweka sanduku chini, juu ya zulia alilolinunua mwenyewe. Alimwangalia Elias, akamwangalia mzee, na mambo yote yakamjia kwa pamoja.

"Zimepoa, baba," akasema. "La choo ndilo limepoa kabisa."

Walicheka mpaka mama mmoja akamwagikiwa chai. Mzee Opiyo alisubiri watulie.

"Elias ni shemeji yangu, Rebeka ni dada yake," akasema. "Miezi sita ananiambia: shusha mkono, hamisha kabati, tundika mapazia. Mimi sina mgongo, yeye hana magoti. Na mafundi vijana kila niliyemwita alitaka kuniuzia spika mpya. Siku uliyoniambia chumvi nilimpigia simu kabla hujafika barabarani. Nilikuwa nimepanga nikuitie mgambo Alhamisi hiyohiyo, nikishakunywesha chai. Halafu nikakuona dirishani unavyoiinamia ile skrubu. Nikajisemea, huyu kijana anajua kufanya kazi, ila hajui kuwa anafanya."

Masele aliangalia malengelenge ya viganja vyake.

"Kaa," mzee alisema. "Ya Rebeka nilikuwa nakusubiri wewe."

Aliitoa chumbani mwenyewe, akaifuta kwa kiganja, akaiweka. Magitaa yalianza polepole, wanaume wakaitikia, kisha akaingia mwanamke. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuwaita watu upande wa pili wa ghuba, na ilikuwa na tabasamu ndani yake. Haikumchoma mtu. Ilikaa katikati ya sebule kati ya vitambaa vyake kana kwamba mwenyewe ameingia kutoka jikoni kuangalia nani amekuja.

Mzee Opiyo alikuwa analia waziwazi, bila aibu. "Huyo sasa," akasema. "Huyo ndiye. Miezi sita nilikuwa namsikiliza mtu mwingine."

Masele alijifanya anaangalia usawa wa mkono wa mashine. Ulikuwa sawa.

Wimbo ulipokwisha, mama aliyemwagikiwa chai alijivuta mbele. Masele alimtambua. Alikuwa Modesta, mwenye saluni kule Nyegezi, ambaye mwaka juzi Masele alimuuzia dawa ya mende iliyowanenepesha mende.

"Fundi," Modesta alisema, "hata kwangu kuna mashine ya marehemu baba, inachoma hivyo hivyo. Nipe namba yako."

Masele alikuwa na namba za kugawa. Alizigawa kama pipi, na zote zilikuwa za watu wengine. Moja ilikuwa ya padri wa Bariadi ambaye alikwisha kuchoka kupigiwa. Ndiyo aliyokuwa nayo mdomoni tayari. Aliangalia ile santuri, iliyokuwa bado inazunguka bila sauti, na Mzee Opiyo aliyekuwa anafuta macho kwa pembe ya kitambaa cha kochi. Akataja namba yake mwenyewe, tarakimu moja moja, akikosea mara moja kwa kuwa hakuwa amezoea kuitaja.

"Ngoja nikubipu hapahapa," Modesta alisema, akabonyeza.

Simu ikaita kwenye suruali ya Masele. Mlio ulikuwa wa tarumbeta, sauti mpaka mwisho, na wastaafu wote wanane waliziba masikio.

"Na hiyo nayo ukaishushe mkono," Elias alisema.

Masele aliitoa haraka, akaipokea, ingawa aliyekuwa anapiga alikuwa hatua mbili mbele yake.

"Haloo," akasema.

"Haloo," Modesta alijibu, simu sikioni, akimtazama machoni. "Jumatatu saa tatu, usichelewe. Tutaanza na mende."